Farasi Akiisha Kustaafu, Nani Amlishe?

Wahenga walinena kwamba asante ya punda ni mateke. Methali hiyo imefundishwa shuleni kwa miaka mingi, nasi tumezoea kuitumia kumlaumu mtu asiyejua fadhila. Lakini ni mara chache mno kusikia likiulizwa swali la upande wa pili: je, asante ya binadamu kwa punda, na kwa farasi nduguye, ni nini? Farasi amembeba binadamu vitani, amemlimia mashamba, amemvutia magari ya maziwa na ya wagonjwa. Na hata leo anakimbia viwanjani ili wengine wapate fedha na wengine wapate burudani. Makala haya yanakusudia kueleza yanayompata mnyama huyo siku miguu yake isipofaa tena, na kutoa hoja moja: kwamba gharama ya uzee wa farasi ni sehemu ya gharama ya kazi yake, nayo yampasa kuilipa yule aliyefaidi kazi hiyo.

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki farasi ni mgeni. Sababu si uzembe wa wafugaji wetu, bali ni maradhi. Mbung'o humwambukiza nagana, na usubi humwambukiza virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huwaua wengi wa wanaoupata. Ndiyo maana mwanafunzi wetu aghalabu humjua punda kuliko farasi, isipokuwa kama amewahi kufika uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi. Hata hivyo jambo hili latuhusu, kama tutakavyoona mbele. Kwa sasa na tulitazame katika nchi zenye farasi wengi, hususan Marekani na Uingereza.

Hesabu ya maisha

Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred huweza kuanza kushindana akiwa na umri wa miaka miwili, na wengi huwa wameacha mashindano kabla ya kutimiza miaka saba. Lakini farasi anayetunzwa vizuri huishi miaka 25, na hata 30. Maana yake ni kwamba miaka ya kazi haizidi robo ya umri wake. Mnyama wa kilo 500 huhitaji kila siku chakula kikavu kipatacho asilimia 2 ya uzito wake, yaani kilo 10. Kwa mwaka ni kilo 3,650. Kwa miaka 20 ya kustaafu ni kilo 73,000, yaani tani 73. Mwanafunzi aongeze hapo maji, dawa za minyoo, kazi ya kuchonga kwato kila baada ya majuma kadhaa, na ujira wa mtunzaji. Binadamu hustaafu uzeeni. Farasi wa mbio hustaafu ujanani, na tangu siku hiyo hapati tena zawadi ya kujilipia chakula.

Kwa nini astaafu mapema hivyo? Wako wanaoachishwa kwa sababu hawana mbio za kutosha. Wengine huachishwa kwa ajili ya majeraha, na hapo yafaa tulielewe umbo la mguu wa farasi. Mnyama huyu husimama juu ya kidole kimoja tu katika kila mguu, na ukwato ndio ukucha wa kidole hicho. Sehemu ya chini ya mguu haina misuli ya kuilinda mifupa. Kuna kano ndefu, neva, mishipa ya damu na ngozi. Umbo hilo huufanya mguu uwe mwepesi, hata farasi akaweza kupita mwendo wa kilometa 60 kwa saa. Lakini kano hupata damu kidogo. Zikichanika hupona polepole, na mara nyingi hazirudii nguvu zake za awali.

Mfupa ukivunjika mambo huwa magumu zaidi. Farasi hawezi kulala majuma mengi kama mgonjwa hospitalini, kwa kuwa uzito wake mwenyewe hudhuru misuli na mapafu yake. Hana budi kusimama. Na akiupumzisha mguu mmoja, kwato za miguu mizima huelemewa na kuvimba ndani. Barbaro, farasi aliyeshinda Kentucky Derby mwezi Mei 2006, alivunjika mguu wa nyuma majuma mawili baada ya ushindi huo. Alifanyiwa upasuaji na kuuguzwa kwa muda wa miezi minane, lakini kwato za miguu mingine ziliharibika, na Januari 2007 akauawa kwa huruma. Ikiwa mshindi mashuhuri hakuponyeka, farasi wa kawaida mwenye kano iliyochanika na tajiri asiye na subira atarajie nini?

Waendako

Farasi wachache wenye sifa bora hupelekwa kuzalisha. Ni wachache kwa sababu madume wengi huhasiwa mapema ili watulie, na aliyehasiwa hawezi kumwingizia mwenyewe ada ya uzazi. Wengine hufundishwa kazi mpya, kama vile kuruka viunzi au kubeba watu wanaojifunza kupanda farasi. Nchini Uingereza shirika liitwalo Retraining of Racehorses limeshughulikia kazi hiyo tangu mwaka 2000. Waliobaki huuzwa, wakauzwa tena, na safari ya baadhi yao hukoma machinjioni.

Wala ushindi si kinga. Ferdinand alishinda Kentucky Derby mwaka 1986, na mwaka 1987 alitangazwa kuwa Farasi wa Mwaka nchini Marekani. Watoto wake hawakung'ara, hivyo mwaka 1994 aliuzwa Japani, akapita mikononi mwa watu mbalimbali, na mwaka 2002 akachinjwa akiwa na umri wa miaka 19. Habari hiyo ilipofichuka mwaka 2003 iliwashtua wapenzi wengi wa mchezo huo. Mwaka huohuo Michael Blowen, aliyekuwa mwandishi wa gazeti, alianzisha katika jimbo la Kentucky shamba la farasi wastaafu liitwalo Old Friends. Miongoni mwa waliorejeshwa huko kutoka Japani ni Silver Charm, mshindi wa Derby ya mwaka 1997, aliyefika shambani mwaka 2014. Kazi hiyo ni njema; lakini shamba moja, hata mashamba mia moja, hayawezi kumpokea kila farasi.

Msomaji aweza kuuliza: kuna ubaya gani farasi akiliwa, ilhali ng'ombe na mbuzi huliwa? Swali hilo ni la haki, na zipo nchi ambazo nyama ya farasi ni chakula cha kawaida. Lakini farasi wa mbio hakufugwa ili awe chakula. Maumivu ya miguu yake hutulizwa kwa dawa, mojawapo ikiwa fenilbutazoni. Dawa hiyo yaweza kudhuru uboho wa mifupa ya binadamu, ambamo chembe za damu hutengenezwa, na kwa hiyo nchi nyingi zimeipiga marufuku kwa wanyama wanaoliwa. Mwaka 2013, nyama ya farasi ilipogunduliwa Ulaya katika vyakula vilivyoandikwa kuwa ni vya ng'ombe, hofu mojawapo ilikuwa juu ya dawa hiyo. Tangu Januari 2022 farasi yeyote anayeshindana Uingereza sharti awe ameandikishwa kwamba nyama yake haitaliwa na watu. Kumtupa farasi mstaafu, basi, si suala la huruma peke yake. Ni suala la afya ya umma pia.

Sheria iliyohamisha tatizo

Wako wanaodhani kwamba dawa ya mambo haya ni kuyafunga machinjio. Marekani imelijaribu jambo hilo. Mwaka 2007 machinjio matatu ya mwisho ya farasi, mawili katika jimbo la Texas na moja Illinois, yalifungwa. Farasi wasiotakiwa hawakutoweka kwa sababu hiyo. Mwaka 2010 farasi zaidi ya 130,000 walisafirishwa kwenda Kanada na Meksiko kuchinjwa huko; idadi haikupungua, bali safari ilirefuka, na mateso ya njiani yakazidi. Hapa tunajifunza kwamba sheria inayoziba tundu la mwisho pasipo kupunguza kinachomiminwa juu hulihamisha tatizo tu. Mwaka 1986 waliandikishwa Amerika Kaskazini watoto wa Thoroughbred zaidi ya 51,000. Katika miaka ya 2020 idadi hiyo imeshuka chini ya 20,000 kwa mwaka. Kwa maoni yangu upungufu huo una uzito kuliko marufuku yoyote, kwani kila farasi asiyezaliwa bila mpango ni mdaiwa mmoja aliyepungua.

Yako pia mambo mawili ya historia yanayostahili kukumbukwa. La kwanza ni la Jim, farasi wa mjini St. Louis aliyekuwa akivuta gari la maziwa. Alipoacha kazi hiyo alipewa nyingine: kutoa seramu ya kutibu dondakoo. Farasi hudungwa sumu ya vijidudu kidogo kidogo, mwili wake hutengeneza kingamwili, na kingamwili hizo hupatikana katika damu yake. Kwa muda wa miaka mitatu Jim alitoa lita 28 hivi za seramu. Mwaka 1901 alipatwa na pepopunda, akauawa. Lakini seramu iliyotokana na damu yake yenye sumu ilikwisha kutolewa bila kupimwa, na watoto 13 wakafa. Msiba huo ulichangia kuletwa kwa sheria ya mwaka 1902 iliyoanza kudhibiti utengenezaji wa dawa za namna hiyo nchini Marekani. Hadi leo dawa nyingi za sumu ya nyoka hutokana na damu ya farasi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Hivyo hata sisi tusio na farasi tuna deni kwake. Kosa la St. Louis halikuwa la farasi. Lilikuwa la watu waliotumia mwili wake bila uangalifu.

La pili ni la Kairo. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, farasi wengi wa jeshi la Uingereza waliuzwa huko Misri wakafanyishwa kazi nzito. Dorothy Brooke alipofika mwaka 1930 aliwakuta baadhi yao wangali hai, vikongwe, wamekonda, na kwato zao zimeharibika. Mwaka 1931 aliandika barua gazetini akiomba msaada, na kwa fedha alizopata alinunua farasi wapatao 5,000. Wengi wao hakuwapeleka malishoni. Waliuawa kwa huruma, kwa sababu hapakuwa na tiba ya kuwafaa. Mwaka 1934 alianzisha hospitali ya kuwatibu wanyama wa kazi bila malipo.

Yanayotupasa

Kutokana na hayo nina mapendekezo matatu. Kwanza, akiba ya uzee itengwe siku mtoto wa farasi anapoandikishwa, na iongezwe kila anapouzwa na kila anaposhinda. Mwanzo umekwisha kufanywa Marekani, ambako tangu mwaka 2012 Thoroughbred Aftercare Alliance hukagua mashamba ya wastaafu na kuyapa fedha zitokazo kwa watu wa mchezo wenyewe. Pili, kila farasi awe na cheti kinachomfuata maisha yake yote, kikionyesha wamiliki wake na dawa alizopewa. Tatu, asiyeweza kupona wala kutunzwa auawe kwa huruma palepale alipo, mbele ya mtu anayemjua. Kifo cha namna hiyo si aibu. Aibu ni kumpakia loriini ili afie mbali na macho yetu.

Atakayesema kwamba dunia ina watu wenye njaa, na kwamba si wakati wa kufikiria farasi, namjibu kuwa hakuna anayeombwa kuchukua chakula cha maskini. Linalodaiwa ni fungu la faida ya wale walioipata.

Kwetu sisi mzigo uko mgongoni mwa punda, na mwenye punda si tajiri. Huyu hana fedha za kumlisha mnyama asiyebeba maji wala kuni. Zaidi ya hayo, ngozi ya punda ilipoanza kutafutwa ili itengenezewe dawa ya Kichina iitwayo ejiao, hata punda vijana walichinjwa na wengine wakaibiwa. Nchini Kenya sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda karibu 1,800,000. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu karibu 1,200,000, biashara hiyo ikiwa sababu mojawapo ya upungufu huo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Huko Lamu ilifunguliwa zahanati ya punda mwaka 1987, na mfano huo ni wa kufuatwa, kwani punda anayetibiwa mapema hufanya kazi miaka mingi, na miaka ya kulishwa bure hupungua.

Walimu wa sayansi na hisabati wanaweza kulifanya jambo hili kuwa somo. Wanafunzi wapime chakula cha punda mmoja wa kijijini kwao kwa juma, wakadirie cha mwaka, kisha walinganishe na thamani ya mizigo aliyoibeba. Waulize pia: akizeeka, nani atamlisha, na kwa fedha gani? Hesabu hiyo hufaa kufanywa kabla mnyama hajanunuliwa. Ikingoja siku atakapoanguka njiani na mzigo wake, itakuwa imechelewa.