Mazoezi Yasiyo Mazoea: Hoja ya Kutetea Kutembea

Sifa ya Kenya katika mbio imeenea ulimwenguni kote. Eliud Kipchoge alipoyamaliza masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, na marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35 mjini Chicago mwaka 2023, taifa zima lilijiona limekimbia pamoja nao. Hata hivyo, fahari hii imezaa dhana moja potofu: kwamba afya hutafutwa kwa kukimbia tu, na kwamba asiyekimbia hafanyi mazoezi.

Matokeo ya dhana hiyo hujitokeza vyuoni kila muhula unapoanza. Mwanafunzi hununua raba mpya, huamka alfajiri, hukimbia siku tatu kwa pupa, na siku ya nne magoti humkatalia. Kabla ya nusu ya muhula, raba zimo mvunguni mwa kitanda. Aghalabu yeye hujilaumu kwa uvivu, ilhali kosa ni la mpango wenyewe, uliodai juhudi ya mwanariadha kutoka kwa mtu aliyeshinda kitini mwaka mzima.

Kiswahili kina somo katika jambo hili. Maneno mazoezi na mazoea yote yametokana na kitenzi zoea. Kwa mantiki ya lugha, basi, zoezi lisilozoeleka limepungukiwa na kiini chake. Kadhalika, mwenendo, yaani tabia ya mtu, umetokana na kitenzi enda. Tabia hujengwa kwa kwenda, hatua baada ya hatua.

Sayansi nayo inaunga mkono. Mwaka 1953, Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva waliokaa. Hawakulazimika kuwa wanariadha. Kujongea kulikuwa sehemu ya siku yao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa kasi kumo katika kundi hilo. Nusu saa kwa siku tano inatosha kufikia kiwango cha chini. Ama hatua 10,000 zinazotajwa sana, chimbuko lake ni kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Asiyezifikia hana sababu ya kukata tamaa.

Mtetezi wa mbio atajibu kwamba dakika 75 za mazoezi makali hutimiza kiwango hicho hicho. Ni kweli, na anayeweza kudumu katika mbio hana haja ya kuziacha. Lakini dakika 75 zinazofanywa wiki mbili kisha zikaachwa haziwezi kulinganishwa na nusu saa inayodumu miaka.

Kikwazo kikubwa zaidi ni fikra. Mijini, kutembea huhesabiwa kuwa dalili ya umaskini. Msomi hupanda matatu kwa vituo viwili asije akadhaniwa hana nauli. Wakati huo huo, maelfu ya wafanyakazi wa Nairobi hutembea kila asubuhi kwa lazima, wengi wao kando ya barabara zisizo na njia ya miguu. Anayetetea kutembea hana budi kuwatetea hawa pia wapate njia salama, zenye taa na vivuko. Msomi akitembea nao, huenda sauti ya kudai njia hizo ikapata nguvu.

Atakaye kuanza na aanze na dakika kumi, azifungamanishe na safari asiyoweza kuiepuka: kutoka bwenini hadi maktabani, au kutoka kituo kimoja kabla ya kile chake. Mvua ikinyesha, atembee varandani. Akikosa siku moja, arejee kesho yake bila kujaribu kulipa deni. Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai. Hawakusema kwamba mwenda pole hafiki.