Usawa wa Karatasini

Msomaji, fungua gazeti lo lote la nchi hii katika ukurasa wa nafasi za kazi, kisha ushuke chini kabisa, chini ya sifa zinazotakiwa na chini ya siku ya mwisho ya kupeleka maombi. Huko utakuta sentensi ambayo aghalabu haikosi: wanawake, watu wenye ulemavu na watu wa jamii zilizoachwa nyuma wanahimizwa kuomba. Sentensi hii imekuwa kama bismillahi ya afisi zetu, ila bismillahi husomwa mwanzo, nayo hii huwekwa mwisho. Leo nataka kuisema vibaya. Lakini kabla sijaanza, ujue kwamba jambo inalolitaja nalipenda. Hasira yangu si juu ya usawa. Ni juu ya wale wautajao usawa ili wasiutende.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilisoma na kijana mmoja asiyeona. Alisoma kwa vidole, kwa maandishi ya Breli, na mara nyingi ndiye aliyetufafanulia somo sisi wenye macho. Baada ya kufuzu alisomewa tangazo la kazi katika afisi moja ya umma. Sentensi ile ilikuwapo. Akaomba, akaitwa, akasafiri kwa basi usiku kucha. Asubuhi akapewa karatasi ya mtihani iliyopigwa chapa kama karatasi za wenziwe wote. Akauliza kama ipo ya Breli. Haikuwapo. Akauliza kama yupo mtu wa kumsomea. Hakuwapo. Karani, kijana mwenye adabu, akamwomba akae barazani angoje kidogo. Akangoja hata saa kumi za alasiri, ndipo alipoambiwa kwamba ataitwa siku nyingine. Siku hiyo haijafika. Lakini tazama vizuri: hakutukanwa wala hakufukuzwa. Alihimizwa kuomba, naye aliomba. Tangazo lilitimiza kila neno lake.

Yamkini utasema kwamba kisa cha mtu mmoja si hoja. Ni kweli. Basi niruhusu nikupeleke mbali, mpaka Marekani, kwa sababu huko jambo hili lilitiwa katika mizani. Wataalamu wawili wa uchumi, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walipeleka barua za kuomba kazi zipatazo 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, wakachapisha matokeo yao mwaka 2004. Waombaji walikuwa wa kubuni. Baadhi walipewa majina yasikikayo kuwa ya Wazungu, kama Emily na Greg. Wengine majina yasikikayo kuwa ya watu weusi, kama Lakisha na Jamal. Ujuzi ulioandikwa haukupambanuliwa kwa rangi. Wenye majina ya Kizungu waliitwa zaidi kwa kadiri ya nusu: palipoitwa weusi kumi, Wazungu waliitwa kumi na watano. Lakini si hilo lililonishangaza. Baadhi ya waajiri wale walikuwa wameandika katika matangazo yao kwamba wao hutoa nafasi sawa kwa watu wote. Hao nao walibagua sawasawa na wasioandika neno.

Huko huko, mwaka 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis, makampuni makubwa yalishindana kuahidi kwamba milango yao itakuwa wazi kwa watu wa kila rangi. Januari 2025 kampuni ya Meta ilitangaza kuiacha mipango yake ya namna hiyo, na mwezi huo huo Rais Donald Trump, siku aliyoshika madaraka, akaamuru mipango hiyo ikomeshwe katika idara za serikali. Miaka mitano haikutimia. Kilichong'oka upesi hivyo sidhani kama kilipata kuwa na mizizi.

Turudi kwetu. Katiba yetu ya mwaka 2010 ilisema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Neno ni moja, lakini lilipandwa katika mashamba mawili. Kwa mabunge ya kaunti Katiba yenyewe ilionyesha njia: baada ya uchaguzi viti huhesabiwa, na jinsia iliyopunguka huongezewa wajumbe mpaka hesabu itimie. Kwa Bunge la Taifa njia haikuonyeshwa. Iliachwa itafutwe kwa sheria. Mabunge ya kaunti yakapata wanawake wao. Na Bunge la Taifa? Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilisema kwamba jambo hili litekelezwe hatua kwa hatua, ikaweka mpaka wa tarehe 27 Agosti 2015. Tarehe ikaja, ikapita. Februari 2019 mswada uliletwa ukihitaji wabunge 233, na siku ya kupiga kura waliohudhuria hawakufika idadi hiyo. Hawakuukataa, msomaji. Hawakuja tu. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu ya kosa hilo. Bunge halikuvunjwa, liliendelea mpaka uchaguzi wa mwaka 2022.

Watu ni wale wale, mila ni zile zile, na Katiba ni hiyo moja. Palipowekwa hesabu na njia ya kuitimiza, jambo lilitendeka bila kungoja mioyo ya watu itakaswe. Palipoachiwa hisani ya wakubwa, hisani haikuonekana. Najua wajumbe wanawake wa kuteuliwa hudharauliwa, na kuitwa watu wa kubebwa. Hata hivyo wamo ndani.

Tena maneno haya "hatua kwa hatua" yanataka kuchunguzwa. Ndiyo yaliyotumiwa hata kwa zile nafasi tano katika kila mia ambazo Katiba iliwaahidi watu wenye ulemavu. Mtoto ajifunzaye kutembea huenda hatua kwa hatua, lakini huenda. Mwenye deni naye hupenda sana kulipa hatua kwa hatua.

Katika habari za makabila tumefanya vivyo hivyo. Damu ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ilitufanya tutunge sheria mwaka 2008 kwamba hapana afisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi wa kabila moja. Mwaka 2012 sheria ya serikali za kaunti ikaongeza kwamba walau asilimia 30 ya nafasi za kazi za daraja ya mwanzo wapewe watu wasio wa kabila kubwa la kaunti ile. Soma vizuri: za daraja ya mwanzo. Mgeni amefunguliwa lango, na kiti cha sebuleni hakikutajwa. Ukitaka kujua ukweli wa usawa wa afisi, usihesabu mafagio na rungu za walinzi. Hesabu wanaotia sahihi.

Wako wasemao kwamba hesabu hizi zote zitupwe, aajiriwe anayestahili basi. Ningekubali kama mlangoni pangekuwa na bawabu mmoja tu aitwaye uwezo. Lakini uwezo wa rafiki yangu ulipimwa na nani siku ile? Haukupimwa hata kidogo. Kilichopimwa ni macho yake, nayo alikwisha yaandika katika barua ya maombi kwamba hayaoni. Na wale Lakisha na Jamal, je, walikosa uwezo gani, hali karatasi ndizo zilizoulizwa, nazo zilijibu vizuri?

Siwaamini pia wale wapelekao watumishi wao hotelini kwa siku moja wafundishwe kupendana. Hupigwa picha, hunywewa chai, hutolewa vyeti. Jumatatu ngazi huwa ni zile zile, na mwenye kiti cha magurudumu huwa chini ya ngazi zile zile.

Wewe uliye kidato cha tatu leo, baada ya miaka kumi na mitano huenda utakuwa ndiye mwandishi wa matangazo hayo. Utakapoletewa sentensi ile uitie mwishoni, uliza ni nani atakayeandaa karatasi ya Breli, itatoka fedha ya fungu gani, na ni nani atakayeulizwa isipopatikana. Ukikosa majibu, ifute. Afadhali mtu abaki kwao na nauli yake.

Rafiki yangu sasa anafundisha Historia katika shule moja ndogo ya binafsi. Tangazo la shule ile halikuwa na sentensi yo yote ya kumhimiza. Mwalimu mkuu alimwuliza swali moja: wahitaji nini ili ufundishe? Akajibu kwamba ahitaji mwanafunzi wa kumwandikia ubaoni na mtu wa kumsomea madaftari. Wakaviandika vyote viwili katika ratiba, akaanza kazi Jumatano.