Semina hotelini, kipigo migombani

Ndugu msomaji, wewe unayelisoma gazeti hili kijiweni huku ukingoja mteja, hebu weka mpira kando kidogo. Mfikirie dada yako aliyeolewa huko Nkwenda, wilayani Kyerwa. Mumewe ameuza kahawa ingali mtini, ile biashara wanayoiita butura. Fedha zimeishia kwenye lubisi. Mke alipouliza, akajibiwa kwa ngumi. Asubuhi jicho limevimba. Aende wapi?

Akienda kwa mwenyekiti wa kitongoji, ataambiwa avumilie. Mtendaji atamwita mume, wapatane, yaishe. Hospitali watataka PF3 ya polisi. Kila mlango una mtu, na kila mtu ana mshahara au walau muhuri. Anachokosa mtu huyo ni kujua kazi yake.

Maana sheria ipo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa. Zaidi ya miaka 50 sasa! Lakini kifungu hicho hakikutaja adhabu. Polisi anapaswa kuhamia Kanuni ya Adhabu, afungue kesi ya shambulio au ya kudhuru mwili. Asiyefundishwa anaandika "ugomvi wa kifamilia" na kufunga daftari. Kwenye talaka ni hivyo hivyo. Kwa kawaida shauri halifiki mahakamani bila hati ya baraza la usuluhishi wa ndoa kwamba suluhu imeshindikana. Wajumbe wanaodhani kazi yao ni kumrudisha mke kwa mume tu watamzungusha misimu miwili ya kahawa. Na nani kati yao atamweleza kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa?

Kagera haikupaswa kuwa nyuma katika haya. Kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake ilianzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akatamka kuwa mila iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Hukumu hiyo wanasheria wa Ulaya wanaisoma. Je, mjumbe wa baraza pale Murongo ameisikia?

Tangu 2008 tumeletewa madawati ya jinsia polisi. Mwaka 2017 ikapitishwa sheria ya msaada wa kisheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa huko huko vijijini wanaoweza kumwongoza mama mpaka mlango unaostahili. Asasi kama WOMEDA ya Karagwe zinafanya kazi hiyo. Lakini asasi haiwezi kuwa serikali. Wakubwa wetu mafunzo wanayajua kwa sura moja: hoteli, bango, posho, picha ya pamoja. Wanaokaa mbele ni maofisa ambao hawatamwona huyo mama maisha yao yote. Ofisa ustawi wa jamii anayepaswa kumfikia hana hata mafuta ya pikipiki. Mfundisheni mtendaji wa kata, muuguzi wa zahanati, karani wa mahakama ya mwanzo na askari wa zamu ya usiku, tena wakiwa pamoja, ili kila mmoja ajue anamkabidhi nani.

Nawe kijana usicheke pembeni. Katika utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16, wanaume 40 kati ya kila 100 walisema mume ana sababu ya kumpiga mkewe. Wanawake waliosema hivyo walikuwa 58! Basi huyo mwenyekiti wa kitongoji hakutoka mwezini. Ametoka kijiweni kama hiki, akazeeka na mawazo yale yale.

Ukienda nyumbani Krismasi, msimamishe diwani wako, awe wa Karagwe au wa Kyerwa. Mwulize bajeti ya halmashauri imetenga shilingi ngapi kwa mafunzo hayo, na ni watendaji wangapi wa kata yake wanaokijua kifungu cha 66. Akikwambia atafuatilia, mwulize lini.