Chuma Kinacholiwa Chini ya Maji, na Fundi Anayelaumiwa



Katika gati moja la ziwa letu, ambalo sitalitaja jina, tulipandisha tishari kwenye chelezo ili lipakwe rangi. Lilikuwa limefungwa hapo gatini miezi minne tu likingoja matengenezo. Bati la tumbo lake lilikuwa la milimita 8. Mwenzangu alipiga nyundo ya kubandulia kutu, nayo ikapenya kama inapenya papai. Tulipoosha tope tukaona vishimo vingi vidogo, vya kina, vinang'aa ndani kama senti mpya.

Mwajiri hakuuliza chuma kimeliwa na nini. Aliuliza nani alipaka rangi mara ya mwisho. Watu wawili tulikatwa mshahara. Nimelinyamazia jambo hili muda mrefu, lakini leo nasema wazi ya kwamba rangi haikuwa na kosa, na sisi pia hatukuwa na kosa.

Kila mmoja wetu ameona betri ya tochi iliyosahauliwa ndani. Kopo lake la zinki huliwa mpaka likatoboka, na maji machafu yakavuja. Chombo kilichofungwa gatini ni vivyo hivyo. Madini mawili tofauti yakigusana na yote mawili yakiwa majini, umeme hupita kati yao, na dhaifu huliwa ili mwenye nguvu apone. Propela ya shaba ndiye mwenye nguvu. Tumbo la chuma ndilo linaloliwa. Kwa hiyo mafundi hufunga kipande cha madini dhaifu zaidi kwenye tumbo, kiliwe chenyewe badala ya meli. Ni kafara.

Elimu hii si ya jana. Manowari ya Kiingereza iitwayo Alarm ilifunikwa mabati ya shaba mwaka 1761. Miaka miwili baadaye misumari yake ya chuma ilikutwa imeliwa pale ilipogusa shaba, ila pale karatasi ya kufungia mabati ilipobaki katikati, misumari ilikuwa mizima. Mwaka 1824 Humphry Davy akaonyesha kuwa vipande vya zinki au chuma huilinda shaba isiliwe. (Aliilinda mno hata magugu na makombe yakaishika, maana shaba inayoyeyuka ndiyo inayoyaua, na wenye meli wakaacha.) Basi leo, baada ya miaka mia mbili, meneja asituambie kwamba mambo haya ni mageni.

Sasa angalieni ubahili ulivyo. Zinki ni nzuri kwa maji ya chumvi, kama Mombasa au Dar es Salaam. Katika maji baridi ya ziwa hujifunika ganda jeupe, ikalala. Hapa kwetu inatakiwa magnesiamu. Lakini stoo wananunua zinki kwa sababu ndiyo iliyoandikwa katika karatasi ya zamani, halafu mwaka ukiisha wanafurahi: "Tazama, bado mpya, tumeokoa fedha!" Kafara ambayo haikuliwa haikufanya kazi. Pengine ina ganda, pengine boliti zake zimelegea, pengine kijana aliambiwa apake rangi kila kitu naye akaipaka nayo. Ikiliwa nusu, ibadilishwe. Ikiisha kwa wiki chache, msilete nyingine kabla ya kutafuta umeme unatoka wapi.

Na huo umeme ndio uliotula sisi. Mashine ya kuchomea ilikuwa juu ya gati, ya umeme wa upande mmoja kama wa betri. Waya wa kurudishia umeme ulikuwa mfupi, basi koleo lake likabanwa kwenye reli ya gati, si kwenye tishari. Umeme ukitoka kwenye fimbo ya kuchomea lazima urudi kwenye mashine. Njia pekee ilikuwa kutoka kwenye tumbo la chombo, kupita majini, hadi kwenye vyuma vya gati. Kila rangi ilipochubuka kidogo, hapo ndipo umeme ulipotokea, na hapo ndipo chuma kilipoyeyuka. Hesabu yake inajulikana: ampea 1 tu ikitoka kwenye chuma kwenda majini kwa mwaka mzima huondoa karibu kilo 9 za chuma. Mashine ya kuchomea haifanyi kazi kwa ampea moja, ndugu zangu. Tuliomba waya mrefu mara tatu. Tuliambiwa bajeti imekwisha.

Dalili zinatofautiana, na mfanyakazi azijue ili asisingiziwe. Kutu ya kawaida huja polepole, imetanda, ina magamba mekundu. Propela ya shaba ya manjano ikigeuka rangi ya waridi, zinki yake imekwisha kutoka na iliyobaki itavunjika. Vishimo safi vinavyong'aa, vilivyokuja kwa wiki au miezi michache, mara nyingi ni umeme uliopotea njia: wa kuchomea, wa betri, au wa pampu ya kutolea maji ambayo waya wake umechubuka ndani ya maji machafu ya chini ya chombo.

Kupima si uchawi. Ndugu zetu wa kahawa wanaujua mrututu, ule wa buluu wa kunyunyizia mikahawa. Uyeyushe katika maji mpaka usiyeyuke tena, utie katika mrija wenye kizibo cha mti kinachopitisha unyevu, tumbukiza ndani kijiti cha shaba safi. Waya mmoja wa mita ya volti uende kwenye kijiti, mwingine kwenye chuma cha meli, na mrija uingizwe majini karibu na tumbo. Chuma kilicholindwa husoma volti 0.85 chini ya sifuri, au chini zaidi. Kikisoma 0.6 hivi, hakina mlinzi. Kisha zima taa moja, pampu moja, mashine moja, ukitazama mita. Ile inayoirusha mita ndiyo mwizi.

Liko jambo moja ambalo linanitisha kuliko matishari yote. Umeme wa nchi kavu unapoingizwa chomboni, waya wa athi nao huunganisha chombo na vyuma vyote vya gati, na kafara huliwa haraka. Nimemsikia msimamizi akiamuru, "Kateni athi." Msikate! Siku umeme utakapovuja hautakuwa na pa kwenda ila majini, na maji baridi ni mabaya kuliko ya chumvi, kwa kuwa mwili wa mtu hupitisha umeme kuliko maji yenyewe. Mtu anayeogelea hapo hukazika misuli na kuzama bila alama. Watoto wetu huoga magatini. Viko vifaa vya kuzuia umeme mdogo bila kukata athi. Vinunuliwe.

Wewe wa kiwanda cha chai au shamba la miwa usiseme haya ni ya mabaharia. Tazama bomba la chuma lililofungwa koki ya shaba penye tangi: linavuja hapo hapo kwenye uzi wa skrubu, na anayeitwa mzembe ni wewe. Tena mbolea yako, sukari yako na wewe mwenyewe mnavuka ziwa juu ya mabati haya.

Maoni yangu ni kwamba mkataba ujao wa matawi ya bandari uwe na kifungu cha daftari la tumbo la meli: tarehe, kipimo cha mita, hali ya kafara, mashine ya kuchomea iliunganishwa wapi, sahihi ya fundi na sahihi ya msimamizi. Na asikatwe mtu mshahara kwa ajili ya chuma kilicholiwa kabla daftari halijafunguliwa mbele ya katibu wa tawi. Wako wenzangu wanaosema tuombe nyongeza kwanza, haya baadaye. Siwapingi kuhusu nyongeza. Lakini mimi nilipata nyongeza mwaka ule ule, na makato yaliila yote.

Kijiti changu cha shaba kilitoka katika waya mkubwa wa umeme uliotupwa, mrututu nilipewa na ndugu mmoja wa kahawa, mita nilinunua. Vyote viko kwa katibu wa tawi letu. Anayetaka kujifunza aje siku ya malipo, kabla ya saa kumi.