Land Cruiser inaibwa Japani, hasara inalala Butembo

Mjomba wangu anauza kakao. Mwaka jana, yeye na wenzake wawili waliunganisha akiba yao wakanunua Land Cruiser ya mtumba, wakapitia kwa komisioneri anayefanya kazi na Dubai. Gari ikashuka Mombasa, ikapita Uganda, ikaingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi. Duane wakalipa, plake ikawekwa, na siku gari ilifika nyumbani Butembo tulikula kuku.

Miezi michache kiisha, wakaipeleka garaji kwa sababu ya mlio fulani upande wa mbele. Fundi akalala chini, akaanza kusugua tope na kutu kwenye chuma cha shasi, upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Pale ndipo Land Cruiser nyingi zinachongwa namba yao. Akaniita mimi kwanza, si mjomba. Akasema: «Yaya, kuja uone. Hii namba haikuzaliwa na hii gari.» Kipande cha chuma kilikuwa kimekatwa, kingine kikachomelewa mahali pake, na rangi nyeusi ikapakwa juu.

Tangu siku ile nilianza kutafuta. Wasikilizaji pia wametuuliza mara nyingi kwenye kipindi: magari haya yanatoka wapi hasa, na kwa nini kila ukisikia gari ya wizi, ni Land Cruiser, Prado ao Lexus? Nimeona kwamba jibu linaanzia mbali na hapa kwetu, na sehemu kubwa yake iko Japani kwenyewe, mahali hizi gari zinatengenezwa.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2003 ulikuwa mbaya sana kwa Wajapani: magari zaidi ya 64,000 yaliibwa nchini mwao. Kiisha viwanda vikaanza kuweka ndani ya gari kifaa kinachokataa moto kama ufunguo si wa kweli, polisi nayo ikakaza, na mwaka 2021 idadi ikawa imeshuka mpaka karibu 5,200. Mutu angesema wizi umekwisha. Lakini angalia ndani ya hiyo idadi ndogo. Makampuni ya asiransi ya Japani yanatoa kila mwaka orodha ya magari yaliyoibwa sana, na katika miaka hii, tangu 2021, jina lililo juu ni Land Cruiser. Zamani Prius ndiyo ilikuwa inasumbua. Na baada ya 2021, jumla ya wizi ilianza kupanda tena.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanalichanganya, hata sisi waandishi. Idadi ya wizi si sawa na kiwango cha wizi. Tuseme katika kartie yenu kuna pikipiki elfu moja, na kumi zimeibwa kwa mwaka. Kuna Land Cruiser ishirini, na nne zimeibwa. Ukihesabu tu, utasema pikipiki ndizo ziko hatarini, kwa sababu kumi ni nyingi kuliko nne. Lakini mwenye pikipiki ana bahati mbaya moja juu ya mia. Mwenye Land Cruiser ana moja juu ya tano. Ndiyo maana orodha ya Japani inashangaza: Prius zilizouzwa kule ni nyingi kupita Land Cruiser, ziko kila barabara, na bado Land Cruiser inaishinda hata kwa idadi tupu. Ukipiga kwa kiwango, tofauti inakuwa kubwa zaidi.

Na si Japani peke yake. Gari yenye wapenzi wengi na isiyopatikana kwa urahisi inakuwa na mambo haya popote. Huko Marekani, mwaka 2023, taasisi inayochunguza malipo ya asiransi ilitangaza kwamba Dodge Charger SRT Hellcat za miaka ya 2020 mpaka 2022 zilikuwa zinaibwa zaidi ya mara sitini kuliko gari ya kawaida. Hellcat ni gari ya vijana wanaopenda mwendo na kelele ya injini. Hapa kwetu isingefika hata Kyondo. Land Cruiser ni kitu kingine. Wapenzi wake wako dunia nzima, na wengi wao wanaishi mahali barabara imekufa.

Toyota ilianza ukoo huu mwaka 1951. Mpaka 2019 walikuwa wamekwisha kuuza zaidi ya milioni kumi, katika nchi karibu 170. Agosti 2021 ikatoka mpya, Land Cruiser 300, na foleni ikawa ya ajabu: Januari 2022 kampuni yenyewe ilisema kuna wateja wangeweza kungojea mpaka miaka minne. Fikiri mwenyewe. Mutu ana pesa mkononi, duka linamwambia ungoje miaka minne, na jirani anayo moja imelala mbele ya nyumba usiku. Gari kama ile, hata ikiwa imetumika, bei yake inaweza kupita bei ya mpya. Mwizi naye anajua bei ya soko.

Toyota walifanya jambo ambalo halizoeleki. Walitaka wanunuzi wa Japani watie sahihi ya kuahidi kwamba hawatauza gari ile kabla ya mwaka mmoja kupita. Sababu waliieleza wazi: waliogopa gari zinunuliwe, kiisha zipelekwe nje haraka, na nyingine zifike sehemu ambazo zingeleta hatari kwa usalama wa dunia. Kusema kwa lugha ya kwetu: waliogopa ziende vitani. Nani huku mashariki ya Kongo atawapinga? Sisi tunajua ni gari gani inapita na watu wenye bunduki nyuma, na ni gari gani mashirika yanaogopa kunyang'anywa njiani.

Sasa wanaibaje? Hili nilifikiri ni la kuvunja kioo. Hapana. Ndani ya gari za sasa kuna waya ambazo kwazo sehemu zote za gari zinasemezana: taa, milango, injini, breki. Wajapani wanaita mbinu ya wezi «CAN inveda», kwa sababu CAN ni jina la ile njia ya waya, na mwizi anaivamia. Anafungua kidogo plastiki ya mbele, karibu na gurudumu ao taa, anapata waya, anachomeka kifaa kidogo. Kifaa kinadanganya gari: kinasema ufunguo wa kweli uko hapa. Mlango unafunguka, moto unawaka, dakika chache tu. Mjini London, mwaka 2022, mtaalamu mmoja wa usalama wa magari, Ian Tabor, aliibiwa Toyota RAV4 yake mwenyewe kwa njia ya taa ya mbele. Kwa hasira akaenda kununua kifaa kama kile kwa intaneti ili akichunguze. Kilikuwa kimefichwa ndani ya spika ndogo ya muziki, ya kubeba mkononi. Uchunguzi wake na mwenzake ulitolewa 2023, ndio umesaidia wengi kuelewa.

Land Cruiser 300 ina hata mahali pa kuweka kidole ili iwake. Nayo inaibwa. Wenye gari wa Japani siku hizi wamerudia vyuma: kufuli kubwa kwenye usukani, mnyororo kwenye gurudumu. Mlinzi wa usiku wa hapa Butembo angewacheka.

Baada ya wizi, gari haikai barabarani. Inaingizwa ndani ya uwanja wenye ukuta wa mabati mirefu, Wajapani wanaita «yadi». Mkoa wa Chiba, karibu na Tokyo, ulifikia hata kuweka sheria yake juu ya viwanja hivyo, kwa sababu vingine vilikuwa machinjio ya magari. Pale wanabadilisha namba, ao wanafungua gari vipande vipande, wengine wanaikata katikati kabisa, wanaifunga katika kontena na kuandika kwamba ni vipuri. Huko mbele mtu mwingine anaichomelea tena. Fundi wetu aliniambia amekwisha kuona gari mbili za namna hiyo: ukifungua kapeti ya ndani unakuta mstari wa solda unapita kutoka mlango mpaka mlango.

Kuhusu njia ya kuja Afrika, hatuko kwenye maneno ya mtaani. Karibu na 2015, gari za Lexus zilizoibwa Uingereza zilipatikana Uganda. Moja ilikuwa na kifaa cha kufuata safari, kikaonyesha: Uingereza, bandari ya Le Havre Ufaransa, Oman, Mombasa, kiisha Uganda. Tazama vizuri hiyo Mombasa na hiyo Uganda. Ni barabara ileile inayoleta vitenge vyetu, mabati yetu na gari ya mjomba.

Kanada nayo imeteseka sana na wizi wa Toyota, Lexus na Honda. Ilipounganisha orodha yake ya gari zilizoibwa na ile ya Interpol, Februari 2024, ndani ya miezi michache gari zaidi ya 1,500 za Kanada zilikuwa zimetambuliwa duniani, zaidi ya 200 kila wiki. Machi 2025, Interpol ikafanya msako katika nchi 12 za Afrika Magharibi. Gari karibu 150 zikaonekana kuwa za wizi, na nyingi zilitoka Kanada. Kongo haikuwa katika msako ule. Sioni sababu ya mutu kufikiri kwamba ingekuwamo, tungetoka safi.

Jambo lililonigusa zaidi katika haya yote ni swali la nani anapoteza. Mjapani aliyeibiwa, kama alikuwa amelipia asiransi ya wizi, analipwa. Kampuni ya asiransi, ikisha kumlipa, inaweza kudai ile gari ikionekana. Mwizi amekwisha kupata pesa. Mwenye yadi pia, mwenye kontena pia, muuzaji wa Dubai pia, komisioneri pia, na hata serikali zetu zimepata duane. Mutu wa mwisho kwenye mstari ndiye anabaki na chuma ambacho si chake, na pesa yake imekwisha kugawanywa njiani. Asiransi tunayolipa wengi hapa ni ile ya lazima tu, inayolipa mutu uliyegonga. Ukinyang'anywa gari kwa sababu ilikuwa ya wizi, hailipi kitu.

Kwa hiyo, yule anayetafuta kununua afanye kazi hii mbele ya kutoa pesa, si baada. Gari ikitoka Japani kwa njia ya haki, inafutwa kwanza katika daftari la kule, na inapewa cheti cha kusafirishwa. Uliza kile cheti, hata kama unanunua Dubai, na usikubali uambiwe «kiko njiani». Namba ya shasi iliyo kwenye cheti lazima iwe sawa na ile iliyochongwa kwenye chuma, ile ya kwenye kibati, na ile ya kwenye karatasi za bandari. Gari iliyotengenezwa kwa soko la Japani ina namba fupi: alama ya aina ya gari, kistari, kiisha tarakimu. Ile iliyotengenezwa na Toyota Japani kwa nchi za nje ina alama 17 na inaanza kwa JT, na ndani yake hutakuta herufi I, O wala Q. Ukiiona O pale, mtu alikosea alipokuwa anaandika upya. Lipa fundi unayemwamini alale chini ya gari na brashi ya chuma. Pesa yake ni kidogo sana mbele ya bei ya gari.

Na orodha ya Interpol? Raia hawezi kuifungua mwenyewe. Ni polisi wanaoiuliza, kwa njia ya ofisi yao ya Kinshasa. Hapo ndipo shida yetu inaanzia. Kutoka Butembo mpaka Kinshasa ni mbali, na wengi wanaogopa kuanza, kwa sababu ukiisha kuuliza, jibu likija vibaya, huwezi kusema hukulipata.

Nilimwuliza mjomba kama atakwenda polisi na ile namba. Alinyamaza kwanza. Kiisha akasema: «Mwanangu, wenzangu wawili nitawaambia nini?» Mmoja wao ana watoto wanne shuleni na sehemu yake ya pesa ilikuwa ya mkopo. Kuuza gari wanaogopa, kwa sababu watakuwa wamemwingiza mwingine katika shimo wakijua. Kuvuka nayo Uganda, hawathubutu tena. Komisioneri hapokei simu tangu Desemba.

Mpaka sasa wanaitumia ndani ya mji tu, mchana, mara nyingi Jumapili kwa kwenda kanisani.