Tufani Isiyopewa Jina

Kismayu, mji wa kusini mwa Somalia, iko kusini mwa ikweta, lakini kwa chini ya nusu nyuzi. Kwa watabiri wa hali ya hewa hapo ni mpakani. Vimbunga vya kusini mwa mstari hufuatiliwa na kituo cha Réunion, na vya kaskazini hufuatiliwa na kituo cha New Delhi. Koyama, Chovai, Chula, Ngumi na visiwa vingine vya Wabajuni, jamii ya Waswahili wa pwani hii, vimo katika eneo la Réunion. Mogadishu, mji mkuu unaotakiwa kuwapasha habari wakazi wa visiwa hivyo, umo katika eneo la New Delhi. Mgawanyo huo ni wa kiufundi tu na haujamzamisha mtu. Hata hivyo, kwa watu waliozoea kuwa mwisho wa kila orodha, hata ramani ya upepo imewaweka ukingoni.

Sababu ya mstari huo kupita pale inaeleweka. Ili kimbunga kijizungushe kinahitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia, na kwenye ikweta msukumo huo haupo. Kanuni hii huvunjwa kwa nadra: Desemba 2001 tufani iliyoitwa Vamei ilizuka karibu na Singapore, nyuzi moja na nusu hivi kaskazini mwa ikweta, na wataalamu wakashangaa. Basi haiwezi kusemwa kwamba kimbunga hakitafika Kismayu kamwe. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mwenye fedha kidogo za kujikinga hapaswi kuanza na hicho.

Ndipo ninapotofautiana na hoja iliyopata nguvu tangu Mei 2024, kwamba pwani hii ianze na mpango wa vimbunga. Mwezi ule kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, Tanzania, takriban kilomita 900 kutoka Kismayu. Tanzania ilisimamisha vivuko kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, na Kenya ikafunga fukwe na kuwazuia wavuvi. Watu wakaona serikali inaweza kusema jambo, na jambo hilo likasikika. Kaskazini mwa Somalia wana mifano yao wenyewe. Kimbunga Sagar kilipiga Somaliland Mei 2018, na Gati, chenye nguvu kuliko vyote vilivyorekodiwa kufika nchi kavu Somalia, kiliingia karibu na Hafun, Puntland, Novemba 2020. Hivyo afisa wa Mogadishu akisikia neno tufani, mawazo yake huenda Puntland. Akiamua kuigeukia Jubaland, jimbo la kusini lenye Kismayu na visiwa hivi, anabeba mpango uleule: ramani ya njia ya kimbunga, rangi za tahadhari, orodha ya shule za kuhifadhia watu. Nao mpango huo, kwa visiwa hivi, unamsubiri mgeni asiyekuja huku mwenyeji mkali akiwa tayari sebuleni.

Mwenyeji huyo ni kusi. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Findlater alionyesha kwamba upepo wa kusi unaovuka ikweta kwenye pwani ya Afrika Mashariki hujikusanya kuwa mkondo mwembamba wenye kasi kubwa, chini chini, usiopanda juu sana ya ardhi. Mkondo huo unapita juu ya Kenya na kusini mwa Somalia kuelekea Bahari ya Uarabu na India. Wavuvi wa Chula hawakumhitaji Findlater kuwaambia hayo, ila kazi yake inasaidia kuwaeleza walioko ofisini kwamba hapa hatuzungumzii upepo wa kawaida uliotiwa chumvi na wazee. Kuanzia Juni hadi Agosti upande wa nje wa miamba bahari hufungwa. Mawimbi marefu yanayosafiri kutoka kusini ya mbali huvunjikia kwenye milango ya mwamba, na chombo kikipita hapo hupita kwa bahati. Mashua hukokotwa pwani, hukalafatiwa na kupakwa deheni. Nyavu hushonwa. Aliye na mkondo wa ndani, kati ya kisiwa na bara, huvua humo kidogo, zaidi samaki wa kitoweo kuliko wa kuuza.

Ikija bamvua pamoja na kusi, maji hupanda mpaka karibu na nyumba za chini, na visima vilivyochimbwa kwenye tumbawe, ambavyo hata wakati wa shwari maji yake yana chumvi kidogo, huharibika zaidi. Unga, mafuta ya taa, dawa na petroli vyote hutoka Kismayu kwa chombo, na wakati huo vyombo ni vichache na nauli ni kubwa. Mama mjamzito uchungu ukimshika Julai, kumfikisha hospitali kunategemea nahodha aliye tayari kuhatarisha mashua ambayo ndiyo riziki yake. Hii ni tufani ya miezi mitatu. Haina jina wala kituo kinachoifuatilia, na hakuna mkutano wa wafadhili utakaoitishwa kwa ajili yake, kwa sababu huja kila mwaka na kwa hiyo si habari.

Kuna atakayesema: ikiwa inakuja kila mwaka, wenyewe wanajua. Kweli wanajua. Pwani yote ya Waswahili ilihesabu mwaka wa jua kwa miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, na Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15, alipanga safari za Bahari ya Hindi kwa hesabu ya namna hiyohiyo. Lakini kujua kwamba njaa inakuja hakujazi ghala. Maarifa ya wazee yalifanya kazi pamoja na akiba: ng'onda iliyokaushwa mwishoni mwa kaskazi, mtama uliobadilishwa na samaki bara, majahazi yaliyoleta nafaka kabla bahari haijachafuka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipovunja biashara hiyo, maarifa yalibaki peke yake. Tena mashine za kusukumia mashua zimeongeza vishawishi. Kijana mwenye injini na deni la kulipa huondoka siku ambayo babu yake mwenye tanga asingethubutu kuondoka.

Hata hivyo siwezi kuidharau tahadhari, maana pwani hii ina ushahidi mchungu. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yalichukua saa saba hivi kutoka Sumatra hadi Somalia. Habari zilishaenea duniani. Mombasa, polisi waliwaondoa watu ufukweni, na nchi nzima ya Kenya ikampoteza mtu mmoja. Somalia walikufa karibu 300, wengi wao Puntland, Hafun ikiumia zaidi. Ni kweli mawimbi yalikuwa makubwa zaidi kaskazini, lakini tofauti hiyo haielezwi na mawimbi peke yake. Ujumbe ulikuwepo, aliyekosekana ni wa kuupeleka.

Kwa hiyo swali kwangu ni njia ya ujumbe, na njia iliyopo imekatika mara mbili. Mara ya kwanza ni siasa. SoDMA, shirika la kitaifa la kudhibiti maafa, liko Mogadishu. Novemba 2024 Jubaland ilitangaza kusitisha uhusiano wake na serikali ya shirikisho baada ya mzozo wa uchaguzi, na mwezi uliofuata majeshi ya pande hizo mbili yalipigana Rasi Kiamboni, kwenye ncha ya bara mkabala na visiwa vya mwisho vya Wabajuni. Sioni ni vipi onyo la bahari litapita salama katika ofisi mbili zisizopokeana simu. Mara ya pili ni lugha. Katiba ya muda ya 2012 inatambua Kisomali, kikifuatiwa na Kiarabu. Kibajuni hakimo. Wanaume wengi wanaokwenda Kismayu sokoni wanakijua Kisomali vizuri, lakini anayebaki kisiwani na watoto siku ya bamvua si yule anayekwenda sokoni.

Hapa jibu rahisi liko ng'ambo ya mpaka, na sielewi kwa nini halitumiwi wazi. Kiunga, upande wa Kenya, ni mji wa Wabajuni vilevile. Idara ya hali ya hewa ya Kenya na ile ya Tanzania hutoa taarifa za bahari, na redio huzitangaza kwa Kiswahili ambacho mtu wa Koyama anakielewa bila mkalimani. Kenya na Somalia ziligombania mpaka wa bahari hiyo hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa hukumu Oktoba 2021, na hasira bado zipo. Upepo hauna kesi mahakamani. Utawala wa Kismayu unaweza kuchukua taarifa ya bahari ya Lamu, Kenya, asubuhi na kuisoma redioni kwa Kibajuni bila kumwomba mtu ruhusa wala kukubali mpaka wa yeyote.

Linalonitatiza zaidi ni amri ya kuhama. Katika vitabu vya maafa, kuhamisha watu ni hatua ya busara isiyo na ubishi. Visiwani ina historia. Mwaka 1991 Wabajuni wengi walikimbia vita kwa mashua hadi Mombasa, wakaishi kambini Jomvu. Wengine walirudishwa mwishoni mwa muongo ule, wengine wametawanyika hadi Uingereza, na kuna ambao nyumba zao Kismayu zilishakaliwa na watu wengine. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aache kisiwa kwa siku tatu, hasikii siku tatu. Anasikia 1991. Akikataa, atahesabiwa mkaidi, na ripoti itaandika kwamba jamii haina mwamko. Mimi naona hesabu yake ni sahihi kuliko ya mwandishi wa ripoti, mpaka pale utawala utakapoandika nani ana nyumba gani na chombo gani kila kisiwa, na nakala ikabaki mikononi mwa wazee.

Kama ningepewa fedha za mpango wa kukabili maafa visiwani, sehemu kubwa ingetoka kabla ya mwisho wa Mei: matangi ya maji ya mvua za masika, ghala la nafaka kwa kila kijiji, na chombo kimoja imara chenye nahodha anayelipwa mshahara kukaa tayari kwa wagonjwa hadi Septemba. Ingebaki kidogo ya kuwalipa wavuvi siku wanazozuiwa kutoka. Hilo la mwisho najua litapingwa hazina. Lakini Aprili 2021 kimbunga Jobo kilitangazwa kuelekea Dar es Salaam kikanywea kabla ya kufika, na mvuvi aliyebaki pwani kwa kutii alipoteza mapato yake. Mtabiri hakukosea kutahadharisha. Ila safari inayofuata mvuvi yule atapima onyo kwa mfuko wake, na kwa bei ya sasa ya petroli Kismayu, mfuko hauwezi kushindwa mara mbili.