Mkuu wa Wazima Moto Hafundwi Siku ya Moto

Juma hili twataka kusema nanyi juu ya moto. Si ule wa jikoni uivishao chakula cha watoto, bali ule utokao mahali pake na kula nyumba. Sisi wa Bunia twajua vema unakozaliwa: jiko la makala lililoachwa penye upepo, kibatari kilichosahauliwa, chupa za petroli ziuzwazo kando ya njia. Tena, tangu Desemba 2017, vita vya Djugu vilipowatoa watu vijijini mwao, maelfu wamekimbilia mjini na kukaa katika vibanda vya turubai vilivyosongamana. Hapo dakika chache zatosha kuteketeza mali yote ya jamaa. Gari la zimamoto, hata likiwapo, halimtangulii jirani.

Lakini majirani mia wasio na mkuu ni makelele tu. Huyu aokoa godoro, yule amwagia maji petroli inayowaka na kuieneza, wala hakuna aulizaye kama mtoto amebaki ndani. Basi mkuu huyo atatoka wapi?

Huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1736, Benjamin Franklin na wenzake waliunda chama cha kuzima moto kwa kujitolea. Walikutana kila mwezi. Aliyekosa mkutano alitozwa faini, na fedha hizo zilinunua ngazi na vyombo vingine. Nchini Chile wazima moto ni wa kujitolea hata leo, nao huchagua wakuu wao wenyewe. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Wakati wa Ebola, mwaka 2018 hadi 2020, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walizika wafu hapa Ituri kwa utaratibu mkali, kila mmoja akijua kazi yake. Ushujaa peke yake usingaliwafaa kitu.

Tangu mwanzo, basi, tusimtafute mkuu kwa ukubwa wa sauti wala wa misuli. Tumtazame kijana katika kazi ndogo. Apewe kutunza ndoo kumi na pipa la mchanga: je, baada ya miezi mitatu zingalipo, tena zimejaa? Akifaulu, apewe kupanga mstari wa watu toka kisimani. Kisha afundishwe jambo lililo gumu kwa shujaa: kutoshika ndoo. Mkuu husimama mahali aonapo upepo uendako, huhesabu walioingia na waliotoka, naye ndiye asemaye, "Rudini, nyumba hii imekwisha, tuokoe ya pili." Neno hilo halitamkwi na mtu asiyelizoea, wala halitiiwi na watu wasiomzoea.

Tusiwasahau akina mama. Mchana, wanaume wakiwa kazini, mara nyingi wao ndio walio karibu na moto. Kuwanyima uongozi ni kuuacha mtaa bila mlinzi nusu ya siku.

Tena kila mkuu awe na wa pili wake, na wa pili awe na wa tatu. Mji wetu ni wa watu wahamao. Aliye hapa leo, kesho yuko Mahagi au Kisangani. Mkuu aondokaye na ujuzi wake wote amewaibia aliowaongoza. Basi Jumamosi ijayo, wazee wa mitaa, waiteni vijana na akina mama, mhesabu ndoo zenu. Samaki mkunje angali mbichi.